Dumuzi au fukusi? Mtambue anayekula mahindi yako kabla ya kununua dawa

Gunia likianza kumwaga unga chini, wengi hukimbilia duka la pembejeo na kuomba "dawa ya wadudu wa mahindi". Muuzaji hutoa iliyopo rafuni. Mwezi na nusu baadaye mahindi yamebaki maganda, na lawama zote zinaenda kwa dawa feki. Dawa feki zipo, hilo halina ubishi. Ila mara nyingi dawa yenyewe ni nzima, tatizo ni kwamba ilitengenezwa kumuua mdudu mwingine, au imewekwa kwenye mahindi yaliyohifadhiwa kwa namna isiyoruhusu dawa kumfikia mdudu.

Sehemu kubwa ya hasara ya mahindi ghalani Tanzania na Kenya hubebwa na wadudu wawili. Fukusi, kwa jina la kitaalamu Sitophilus zeamais, ni mwenyeji wa siku nyingi. Dumuzi, Prostephanus truncatus, ambaye wakulima wa Tanzania walimpachika jina la Scania na wa Kenya wakamwita Osama, ni mgeni kutoka Meksiko na Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, akaripotiwa Tabora mwaka 1981, na kufikia 1983 alikuwa ameshaonekana Taveta upande wa Kenya. Mwaka 1984 akatokea Togo, safari nyingine kabisa.

Wote wawili ni jamii ya mende wadogo wenye mabawa magumu, wote wana urefu wa milimita 3 hadi 4 na ushee, wote wanaruka, wote wanatoboa mahindi. Zaidi ya hapo hawafanani, na tofauti zao ndizo zinazoamua kama uhifadhi mahindi kwenye magunzi au uyapukuchue, ununue dawa gani ya vumbi, na kama fito za kichanja chako zibaki au ziende motoni.

Kuwatazama mkononi

Chukua mahindi kama kilo moja kutoka katikati ya gunia au ya rundo, si ya juu. Yapitishe kwenye chekecheke lenye matundu ya milimita 2 hadi 3, juu ya karatasi nyeupe au sinia. Utapata unga, vipande, na wadudu. Waache dakika mbili tatu watembee.

Fukusi ana mdomo mrefu mwembamba uliochomoza mbele ya kichwa na kupinda kidogo kwenda chini. Huo peke yake unatosha kumtambua. Hakuna mdudu mwingine wa kawaida wa ghala la mahindi mwenye mdomo wa namna hiyo. Ukimgeuzia mwanga utaona pia madoa manne ya rangi ya chungwa au wekundu, mawili kwenye kila bawa gumu. Kwa wazee madoa hufifia, kwa hiyo usiyategemee sana.

Dumuzi ukimtazama kutoka juu huoni kichwa. Kimeinama na kufichwa chini ya sehemu ya kwanza ya mgongo, ambayo ni ya mviringo na ina vijino vidogo vidogo kwa mbele. Mwili ni wa duara kama kipande cha kalamu ya risasi, rangi ya kahawia iliyokolea hadi nyeusi. Jambo la kuangalia ni nyuma yake: mwisho wa mabawa hauishii kwa mviringo, umekatwa ghafla, bapa, unashuka kama mteremko. Kwa jicho la kawaida panaonekana. Kwa kioo cha kukuzia hapana shaka kabisa.

| | Dumuzi | Fukusi |
|---|---|---|
| Kichwa ukitazama juu | Hakionekani | Kina mdomo mrefu |
| Mwisho wa mwili | Umekatwa bapa | Wa mviringo |
| Tundu kwenye punje | La duara, safi | Lenye kingo zisizo sawa |
| Unga | Mwingi sana, laini | Kidogo |
| Mabuu | Wana miguu, wanahama kwenye unga | Hawana miguu, hawatoki ndani ya punje |
| Anapozaliana zaidi | Magunzi, mihogo mikavu, baadhi ya miti | Punje za nafaka |

Wawili wengine huwachanganya watu. Yupo mdogo wake dumuzi, Rhyzopertha dominica, ambaye pia ameficha kichwa lakini ana milimita 2 hadi 3 tu na nyuma yake ni mviringo. Dawa inayomuua dumuzi humuua naye. Na yupo mwekundu, bapa, mwenye mbio, anayejaa kwenye unga na punje zilizovunjika. Huyo anafuata nyuma ya wengine. Ukimuona peke yake, tafuta aliyetangulia.

Wanakoishi msimu usipokuwa wa mahindi

Hapa ndipo wanapoachana kabisa.

Fukusi ni mdudu wa punje. Maghala yakiisha, hubaki kwenye mabaki: punje zilizodondoka nyuma ya magunia, mshono wa gunia kuukuu, pembe ya kihenge isiyofagiliwa. Mahindi shambani yakianza kukauka, huruka kutoka ghalani kwenda shambani na kutaga humo humo, mahindi yakiwa bado yamesimama. Mahindi yanapobebwa kwenda nyumbani, ndani ya punje tayari kuna mabuu ambao hakuna jicho linalowaona. Ndiyo maana ghala lililofagiliwa vizuri bado hupata fukusi.

Dumuzi asili yake ni mtoboa miti. Jamaa zake wengi katika ukoo wa Bostrichidae hula mbao, na yeye hajaacha kazi hiyo: anaweza kuishi na kuzaliana kwenye matawi makavu ya baadhi ya miti, na mitego imemnasa porini mbali na shamba lolote la mahindi. Kijijini, hiyo ina maana kwamba fito za kichanja, nguzo za dari, magunzi ya mwaka jana yaliyorundikwa kwa ajili ya kuni, na mihogo mikavu, vyote ni nyumba yake. Kulaza ghala tupu kwa msimu mzima humdhoofisha fukusi. Dumuzi hulala ndani ya nguzo akisubiri.

Usafi wa ghala kwa hiyo ni kazi mbili tofauti. Kwa fukusi: fagia, ziba nyufa, tumbukiza magunia ya zamani kwenye maji yanayochemka kisha yaanike juani hadi yakauke kabisa, na vuna mapema mahindi yakishakomaa, usiyaache yasimame shambani wiki nyingi. Kwa dumuzi ongeza haya: choma magunzi yote ya msimu uliopita kabla ya mavuno mapya kuingia, kagua kila fito na nguzo ukitafuta matundu ya duara yanayotoa unga, badilisha zilizotobolewa, na bandua magome kwenye nguzo unazoziacha. Mwenye kuhifadhi mihogo na mahindi chini ya paa moja anawapa dumuzi daraja la kuvukia, vitenganishe.

Wanachokula, na namna wanavyokila

Jike la fukusi hutafuna kitundu kwenye punje, hutaga yai moja, kisha huliziba kwa ute unaokauka ukafanana na ganda la punje. Buu huzaliwa, hula, hugeuka pupa na kuwa mdudu kamili ndani ya punje hiyo hiyo moja. Kwa joto la nyuzi 27 na unyevu wa hewa wa asilimia 70, mzunguko wote huchukua takriban siku 35. Akishakomaa hutoboa na kutoka, na anaweza kuishi miezi kadhaa. Kwa sababu buu anahitaji punje nzima ya kuishi ndani yake, unga uliosagwa haumfai. Nafaka nzima ya aina nyingine inamfaa sana: mtama, ngano, mchele, hata makaroni na vipande vya muhogo mkavu.

Dumuzi hana subira ya punje moja. Kwenye gunzi, mara nyingi huanzia chini kabisa, kwenye kikonyo, akatoboa moyo wa gunzi na kupanda nao kwenda juu. Kutoka humo anageukia kwenye punje kwa upande wa ndani. Unaweza kushika gunzi lenye maganda yake, linaonekana zima, ukalipasua ukakuta katikati ni unga mtupu. Jike huchimba vichochoro pembeni ya njia kuu na kutaga humo mayai kwa mafungu, hadi 20 hivi, akayafukia kwa unga laini. Mabuu wana miguu, hutembea ndani ya unga huo wakila. Kwa joto la 32 na unyevu wa hewa wa asilimia 80, yai huwa mdudu kamili kwa siku 25 tu au zaidi kidogo.

Mambo mawili katika maelezo hayo ni ya kushika. La kwanza: dumuzi anahitaji kitu kisichoyumba ili atoboe. Kwenye gunzi punje zimebanwa pamoja, anapata egemeo. Kwenye punje zilizopukuchuliwa zinazoteleza, anafanya kazi kwa shida na kuzaana kwake hupungua. Fukusi hajali, punje zilizo huru zinamtosha. La pili: dumuzi anatoboa kuliko anavyokula. Unga mwingi unaouona ni chakula kilichoharibiwa bila kuliwa. Hata mbao, ngozi na plastiki hutoboa bila kupata lishe yoyote humo.

Kuhusu ukavu pia hawalingani. Fukusi anapenda unyevu. Mahindi yakikaushwa vizuri kuzaana kwake hushuka, na yakifika karibu na asilimia 10 hali yake inakuwa mbaya. Dumuzi hustawi hata kwenye mahindi ya asilimia 9 au 10, ambayo ni makavu kuliko wakulima wengi wanavyoweza kuyafikisha. Anayekwambia "kausha tu, mdudu hataingia" anazungumzia fukusi.

Hasara nayo inapishana. Kabla dumuzi hajaja, upotevu wa uzito kwenye vihenge vya jadi ulizunguka asilimia 5 au pungufu kwa msimu. Vipimo vilivyofanywa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilikuta magunzi yenye dumuzi yamepoteza hadi asilimia 34 ya uzito baada ya miezi 3 hadi 6. Kwa mihogo mikavu upotevu ulivuka nusu ndani ya miezi 4.

Mtama na ngano ni afadhali kwa mwenye dumuzi: hazaliani humo kwa kiwango cha kutisha. Mahindi yenye punje ngumu nayo humchelewesha kuliko yale laini yenye unga mwingi. Mbegu za kisasa nyingi ni laini na maganda yake hayafungi ncha ya hindi vizuri; wadudu wote wawili wanafurahia, kila mmoja kwa sababu yake.

Uamuzi wa kwanza: magunzi au punje?

Huu ndio uamuzi mkubwa, mkubwa kuliko wa dawa.

Babu zetu walihifadhi mahindi na maganda yake, darini juu ya moshi au kwenye kichanja. Kwa fukusi ilikuwa akili nzuri: ganda lililobana linamzuia, moshi unakausha na kufukuza. Kama eneo lako ni la nyanda za juu zenye baridi, dumuzi hajaonekana kwa majirani, na mahindi ni ya kula nyumbani ndani ya miezi 3, sioni sababu ya kumshawishi mtu aache. Chagua mahindi yenye ganda lililofunika ncha yote, tenga yaliyo wazi uyale kwanza.

Kama dumuzi yupo kijijini, njia hiyo hiyo ndiyo inayomlisha. Ganda halimzuii, gunzi linampa egemeo, na vumbi la dawa unalonyunyiza juu ya magunzi haliingii kwenye moyo wa gunzi anakoishi. Pukuchua. Fanya hivyo mara tu mahindi yanapokuwa makavu ya kutosha. Ukisubiri miezi mitatu utakuwa unapukuchua mahindi yenye wadudu ndani.

Usipukuchue kwa kupiga gunia kwa fimbo. Punje hupasuka, na punje iliyopasuka ni mlango wa yule mwekundu bapa na wa ukungu unaoleta sumukuvu. Mashine ya mkono au ya injini iliyorekebishwa vizuri, au mikono, ndiyo njia. Kisha pepeta: vipande vya magunzi vikibaki kwenye gunia vinashika unyevu, vinamhifadhi dumuzi, na ncha zake huchana mfuko wa plastiki.

Kupima ukavu

Kipimo cha chumvi hufanya kazi, lakini jua kinasema nini. Chukua chupa ya kioo kavu, kama ya mililita 750. Weka vijiko vikubwa 2 au 3 vya chumvi iliyoanikwa juani au kukaangwa hadi ikauke kabisa, jaza mahindi hadi theluthi ya chupa, ziba, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, umeshuka chini ya 15. Hapo ndipo wengi hukosea: 15 haitoshi kwa mfuko usiopitisha hewa, ambao unataka 13 au chini yake. Chumvi ikishaacha kuganda, anika tena siku moja au mbili za jua kali juu ya turubai, ukigeuza mara kwa mara, na uingize ndani kabla ya umande wa jioni. Chama au kikundi chenye magunia mengi kinunue kipima unyevu. Kwa mkulima mmoja mmoja, kuazima kunatosha.

Vumbi la dawa: soma kilicho ndani, si jina la nje

Viambata vya dawa za ghala vinagawanyika makundi mawili yanayotuhusu hapa. Pirimifosi-methili na fenitrothioni, za jamii ya organofosfeti, humuua fukusi vizuri lakini kwa dumuzi ni dhaifu. Permethrini na deltamethrini ni kinyume chake: dumuzi anakufa, fukusi anavumilia zaidi. Tanzania ilipoanza kupambana na dumuzi miaka ya 1980, vumbi la permethrini pekee lilisambazwa. Dumuzi akapungua, fukusi akabaki anakula. Ndipo ukaja mchanganyiko wa viambata viwili kwenye pakiti moja.

Unaoujua wengi ni Actellic Super, yenye pirimifosi-methili asilimia 1.6 na permethrini asilimia 0.3. Kiwango ni gramu 100 kwa gunia la kilo 90, sawa na gramu 20 kwa debe la kilo 18. Zipo nyingine zenye viambata tofauti na kiwango tofauti, hata nusu ya hicho, kwa hiyo kibandiko cha pakiti uliyonunua ndicho kinachotawala.

Chagua hivi. Umeona fukusi tu, na nafaka ni mtama au ngano: vumbi la organofosfeti peke yake linatosha. Umeona dumuzi tu kwenye mahindi: bado chukua mchanganyiko, kwa sababu fukusi atakuja akitokea shambani. Umeona wote wawili, au hukuweza kuwatofautisha: mchanganyiko.

Namna ya kuchanganya ina uzito sawa na dawa yenyewe. Mwaga mahindi makavu, yaliyopepetwa, juu ya turubai au sakafu safi, gunia moja moja. Nyunyiza vumbi sawasawa juu ya rundo, kisha geuza kwa koleo kutoka upande mmoja hadi mwingine, angalau mara tatu, hadi kila punje ionekane na vumbi. Jaza gunia, funga, panga juu ya chaga, mbali na ukuta. Funika pua na mdomo, vaa glavu, nawa kabla ya kula.

Yanayoharibu kazi ni haya zaidi: kumimina pakiti juu ya gunia na kulifunga, ambapo robo ya juu inapata dawa yote na iliyobaki haipati kitu; kuweka dawa kwenye mahindi yenye unyevu, ambayo huivunja dawa haraka; gunia kukaa chini ya bati la moto mchana kutwa; na kununua vumbi lililobaki kutoka msimu uliopita. Hata ukifanya yote sawa, nguvu ya vumbi hupungua kadri miezi inavyosonga. Mtu wa kuhifadhi miezi 9 hadi 10 kwenye eneo la joto asitegemee dozi moja.

Majivu na majani ya mwarobaini husaidia kiasi kwa fukusi, mradi yawe mengi na yachanganywe vizuri. Kwa dumuzi hayatoshi. Dawa za maji za shambani zisiguse chakula kabisa. Na vidonge vya fosfini, ambavyo watu hununua kimoja kimoja sokoni na kutumbukiza kwenye gunia chumbani: gesi yake inaua wadudu wote wawili katika hatua zote, ni kweli, na inaua pia watu waliolala chumba hicho. Haiachi kinga yoyote nyuma. Gunia likifunguliwa, dumuzi anaingia siku hiyo hiyo. Hiyo ni kazi ya wenye mafunzo na turubai maalumu.

Mfuko usiopitisha hewa na kihenge cha chuma

Kwa asiyetaka dawa kwenye chakula, hapa tofauti kati ya wadudu hawa wawili karibu ifutike: wote wanahitaji oksijeni. Mifuko ya aina ya PICS ina tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba cha kawaida. Wadudu na punje hutumia oksijeni iliyomo, ikiisha wadudu huacha kula na hatimaye hufa, pamoja na mabuu waliojificha ndani ya punje ambao vumbi haliwafikii.

Kabla ya kujaza, puliza hewa kwenye kila plastiki na uibane kusikiliza kama inavuja. Jaza ya ndani kabisa, shindilia ili hewa itoke, acha shingo ya kutosha, zungusha, kunja mara mbili, funga kwa kamba. Rudia kwa ya pili, kisha kiroba. Usiufungue kwa mwezi mmoja wa kwanza. Familia inayochota unga kila wiki isiweke chakula chote kwenye mfuko wa kilo 100 inaoufungua kila Jumamosi. Kila ukifungua, oksijeni inaingia na hesabu inaanza upya. Mfuko mmoja kwa wakati, mingine ibaki imefungwa.

Udhaifu mmoja ni wa dumuzi peke yake: anaweza kutoboa plastiki. Mara nyingi oksijeni huisha kabla hajafanya madhara makubwa, lakini mfuko unaoegemea nguzo iliyotobolewa au rundo la magunzi hutobolewa kutoka nje. Uweke juu ya chaga, sehemu iliyosafishwa, na baada ya msimu upime tena kwa kupuliza kabla ya kuutumia mara ya pili.

Kihenge cha chuma hakitobolewi na yeyote. Kijazwe hadi juu, mahindi yawe chini ya asilimia 13, kiwe kivulini. Wengi huweka mshumaa unaowaka juu ya mahindi kabla ya kufunga, ili ule sehemu ya oksijeni, kisha huziba midomo kwa utepe wa mpira. Bei ndiyo kikwazo, na huwa na maana zaidi kwa anayehifadhi gunia 10 na kuendelea kila mwaka.

Ukiwakuta tayari wamo

Pukuchua kilichobaki siku hiyo hiyo. Chekecha, na unga unaotoka usiumwage nyuma ya nyumba, kwani wa dumuzi umejaa mabuu wenye uwezo wa kutembea. Uchome pamoja na magunzi. Anika punje safu nyembamba juu ya plastiki nyeusi, juu yake funika plastiki angavu, saa kadhaa za jua la mchana. Joto likipita nyuzi 55 hata mabuu wa ndani ya punje hufa. Mbegu usizifanyie hivyo, zitashindwa kuota. Bila plastiki ya juu, jua la kawaida hufukuza wakubwa tu, nao watarudi usiku. Zikipoa, weka dawa au funga kwenye mfuko.

Makopa na udaga

Kwa mihogo mikavu uchaguzi ni finyu. Dumuzi huipenda kuliko karibu kitu kingine chochote, na vumbi la nafaka halikutengenezwa kwa ajili yake. Vipande vikubwa vinampa mahali pa kuchimba. Unga uliolegea haumfai. Kwa hiyo saga mapema na uhifadhi unga kwenye mfuko usiopitisha hewa, au funga vipande vikavu kabisa humo tangu mwanzo, kwa uangalifu kwa sababu kingo zake huchana plastiki.

Mitego, na mdudu anayemla dumuzi

Dume la dumuzi likipata chakula kizuri hutoa harufu inayowaita wa jinsia zote, na harufu hiyo imetengenezwa kuwa chambo cha mitego. Mtego hukuambia dumuzi wapo na wanaruka, hasa jua linapokaribia kuzama, haumalizi. Utundike nje, mita 100 hivi kutoka ghalani. Ukiutundika ndani ya ghala unawaalika.

Teretrius nigrescens, mende mweusi mdogo aliyeletwa kutoka Amerika ya Kati, anafuata harufu hiyo hiyo na kula mayai na mabuu wa dumuzi. Aliachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya kuanzia 1992. Anapunguza idadi porini, jambo lenye faida kwa wote, lakini kwa fukusi hana msaada, na gunia lako la wiki hii hatalilinda.

Ukinunua mahindi katikati ya msimu

Piga bambo pande tatu za gunia: juu, katikati, na chini karibu na mshono. Muuzaji mjanja huweka mahindi mazuri mdomoni. Unga laini mwingi uliotoka kwenye bambo la chini ni wa dumuzi, hata kama humwoni mdudu. Kwa fukusi, unga ni kidogo na udanganyifu ni mkubwa zaidi: chukua punje kama 20 zinazoonekana nzima, zipasue kwa kisu. Ukikuta buu mweupe asiye na miguu kwenye moja au mbili, gunia hilo litakuwa na fukusi wengi ndani ya mwezi, na bei ipangwe ukijua hivyo. Yaliyonunuliwa yasilale karibu na ya nyumbani hadi yachekechwe na kuwekewa dawa. Dumuzi husafiri zaidi kwa lori la mahindi kuliko kwa mabawa yake.